Faili za Dada Mwanaisha na Ruhusa Niliyowapa Wote

Jumamosi jioni. Mawingu yamelala juu ya Mji wa Kale tangu asubuhi bila ya kunyesha, na joto limebaki chini yake kama mvuke chini ya kifuniko cha sufuria. Nimefunga dirisha linalotazama njia. Si kelele ninayoikimbia. Hapa mtu hasalimiwi kwa neno moja. Ataulizwa za nyumbani, za mama, kisha za kazi, na hizo za kazi ndizo nisizoweza kuzijibu leo.

Nina hatia. Naliandika neno hilo mapema, kabla sijaanza kulizungushia hoja, kwa kuwa najijua. Wanaoisoma blogu hii wamenizoea nikibishana: na wahadhiri, na mahatibu, na watu nisiowajua wala wasionijua. Nimesoma mantiki, nimesoma fikihi kidogo na historia nyingi, na katika yote hayo nilichojifunza kwa ukamilifu ni namna ya kutoshindwa.

Leo nataka kushindwa, nami sijui pa kuanzia.

Dada yangu Mwanaisha hupiga picha na filamu za arusi, na hupiga za wanawake peke yao. Kazi yake kubwa ni usiku wa kupamba, bi harusi anapoketishwa jukwaani nywele wazi, hina mpaka kwenye viwiko, mbele ya wanawake tu. Simu hukusanywa mlangoni. Hata mtoto wa kiume aliyekwisha pata akili haingii. Mama wa bi harusi anapomkabidhi Mwanaisha usiku ule, humkabidhi sitara ya binti yake, na Mwanaisha hulijua hilo kuliko mimi.

Studio yake iko ghorofani. Chini yake, katika nyumba hiyo hiyo, mumewe, shemeji yangu Swaleh, ana duka la kusafisha na kuchapisha picha, na mbele ya duka kuna skrini kubwa inayotazama njia, inayoonyesha picha za wateja: watoto wa madrasa, mahafali, pasipoti, boti, maua. Nilipomaliza chuo niliwajengea wote wawili mashine moja ya kuhifadhia kazi zao, yenye diski moja kubwa.

Mwanaisha alikataa mwanzoni. Alisema vitu vya wanawake na vitu vya dukani havikai pamoja. Nikamshinda kwa hoja.

Nilimweleza kwamba kiini cha mfumo, ile programu kuu iliyo chini ya programu zote, kinaweza kuigawa mashine moja vyumba vyumba, na kila chumba kikawa na orodha yake ya watumiaji. Ndani ya chumba chake, programu ya Mwanaisha hujiona ndiyo mkuu wa mashine nzima. Nje ya chumba, kiini huitambua kwa nambari nyingine, ndefu, isiyo na cheo. Chumba cha duka nacho ni vivyo hivyo: mkuu kwake, mtu wa kawaida kwingineko. Na ukuu huo una mpaka. Faili ambayo mwenyewe hana jina katika chumba kile, mkuu wa chumba hana amri juu yake. Atahesabiwa miongoni mwa wengine, na wengine hupata kile tu walichoruhusiwa.

Ni mpango mzuri. Bado naamini hivyo, na kuamini huko ni sehemu ya maradhi yangu.

“Nipe neno moja, mdogo wangu,” Mwanaisha aliniambia siku ile. “Wa dukani ataziona, au hatoziona?”

“Hatoziona.”

“Na wewe?”

Nikajibu kwamba hata mimi niliyeitengeneza sitaziona. Alitabasamu, akaridhika, na tangu hapo amekuwa akiwaambia mama za mabibi harusi maneno hayo hayo, tena kwa fahari: hata ndugu yangu aliyeitengeneza hawezi kuona.

Haikuwa kweli. Vyumba huzuiana vyenyewe kwa vyenyewe. Havimzuii mwenye mashine. Mimi niko nje ya vyumba vyote, na aliye nje na juu yake huona kila kitu. Nililijua hilo wakati nilipokuwa nikilisema. Nilikuwa karibu kushinda, na ukweli ungenirudisha nyuma.

Sikupata kuzifungua. Naapa kwa hilo. Lakini kutofungua kwangu kulikuwa tabia yangu, wala si kufuli; naye aliahidiwa kufuli.

Sasa ya Alhamisi.

Diski ya zamani ilikuwa imejaa. Niliingia nikiwa mkuu wa mashine yote, nikahamisha faili za Mwanaisha kwenye diski mpya, nikaondoka nikijisifu kwa wepesi. Nilisahau jambo dogo: nakala zile zilizaliwa mikononi mwangu, kwa hiyo zikaandikwa jina langu. Katika chumba cha Mwanaisha mimi si mtu. Kule sina jina. Alipofungua folda ya arusi ya binti wa Bi Rehema wa Ganjoni, programu yake ikamwambia mwenye faili hajulikani, na ruhusa hana.

Akanipigia simu. Wakwe walikuwa wamefika kutoka Lamu, wanawake wamekwisha kusanyika kwa Bi Rehema, biriani imepakuliwa, nao wanaisubiri filamu ya kupamba.

Mimi nami nilikuwa katikati ya mjadala. Katika jukwaa moja la mtandaoni la waandishi wa programu, mtu mmoja alidai kwamba faili ikiombwa, kiini hutafuta ruhusa iliyo pana kuliko zote na kumpa mwombaji hiyo. Nilikuwa nikimrekebisha, kwa ukali. Nilimwandikia kwamba kiini huuliza kwa mpango: wewe ndiye mwenyewe? Ikiwa ndiye, kitatazama ruhusa ya mwenyewe na kuishia hapo, hata ikiwa ni finyu kuliko ya wageni. Ikiwa siye, je, u katika kundi lake? Ikiwa sivyo, wewe ni mwingine, na utapimwa kwa haki ya wengine.

Nilikuwa sahihi kila neno.

Huku nikiandika maneno yale kwa mtu nisiyemjua, nilifungua dirisha jingine na kufanya kinyume cha yote niliyokuwa nikiyahubiri. Dawa halisi ilikuwa kurudisha jina la mwenye faili, na kwa hilo ningehitaji kutafuta ile nambari yake ndefu. Sikutaka kuiacha hoja yangu ipoe. Nikatoa amri ya saba tatu ambayo kila mwanafunzi wa mwaka wa kwanza hukatazwa: saba kwa mwenyewe, saba kwa kundi, saba kwa wengine. Asome anayetaka, aandike anayetaka.

Mwanaisha akapaza sauti kwa furaha. “Imefunguka! Mola akuhifadhi, profesa wetu!”

Nikarudi kwenye mjadala.

Kuna jambo ambalo mpaka leo sikuwa nimemwambia mtu, nalo ni hili. Programu inayoilisha skrini ya duka niliiandika mimi, na niliiandika kivivu. Badala ya kuielekeza kwenye folda ya duka, niliiachia kila diski ya mashine, ikusanye kila picha mpya inayoweza kuisoma. Kila siku ilijaribu kuingia kwenye folda za Mwanaisha, na kila siku kiini kiliikatalia. Malalamiko yake yalijaa kwenye kumbukumbu za mashine mpaka yakanichosha, nikayanyamazisha. Nilijiambia kwamba ukuta upo, basi mbuzi na agonge kichwa.

Kisha nikauondoa ukuta.

Jana Ijumaa, watu wakielekea msikitini, skrini ikamwonyesha binti wa Bi Rehema.

Shemeji Swaleh alikuwa ndani akitawadha. Aliyeona kwanza ni muuza kahawa wa barazani, naye aligeuza uso na kupiga kelele: “Swaleh! Yakhe, zima hicho kitu! Zima!” Swaleh akatoka miguu ikichuruzika maji, kwa fadhaa asikumbuke swichi iko wapi, mwisho akautupa mkeka wa kuswalia juu ya skrini. Nilikuwa njiani kwenda msikitini, nikafika nikikimbia, mkeka ukateleza, nami nikaona. Niliona picha moja, ya bi harusi akicheka, mkono juu ya koo. Sikuinamisha macho kwa haraka niliyopaswa. Nalo naliandika.

Miongoni mwa waliopita alikuwamo ami yake bwana harusi. Alikunja kanzu yake kwa mkono mmoja kama mtu anayevuka maji machafu, akaenda zake.

Baada ya swala tulikutana ghorofani: Mwanaisha, Swaleh, mimi, na Dama. Dama ndiye anayemsaidia dada yangu kuhariri filamu. Ni Mgiriama wa Kaloleni, Mkristo, amepanga chumba Majengo, na mikono yake kwenye kibodi ya kompyuta ni myepesi kuliko ya mtu yeyote ninayemjua. Alhamisi ile alikuwa ameshuka dukani na flashi kuchapisha jalada la filamu.

Swaleh ndiye aliyelianzisha. “Vitu vya juu vimefikaje chini, kama si kwa flashi?”

Hakumtazama Dama. Hakuna aliyemtazama. Hivyo ndivyo nilivyojua kwamba wote wanamfikiria yeye.

“Mimi nilibeba jalada, Bi Mwanaisha,” Dama alisema. “Jalada lina maua na majina. Halina mtu.”

Mwanaisha alikuwa amevimba macho kwa kulia. “Sikutuhumu, mwanangu. Lakini kaa nyumbani kwanza.”

Wakati huo nilikuwa nimekwisha jua. Sikuhitaji kumbukumbu za mashine. Nilijua tangu mkeka ulipoteleza. Wakanigeukia mimi, msomi wa nyumba, wapate neno.

Nikasema, “Tutachunguza.”

Dama akachukua mkoba wake na kushuka ngazi.

Nimelifikiria neno lile usiku na mchana. Lilikuwa safi, la heshima, na halikuwa na uongo ndani yake. Mtu mjinga angedanganya, akakamatwa kwa uongo wake. Mimi nilisema neno ambalo hakuna atakayeweza kunikamata nalo, na mtu asiye na kosa akashuka ngazi.

Jana hiyo hiyo, kabla ya alasiri, niliirekebisha mashine. Nilirudisha jina la mwenye faili, nikawafungia wengine wote, nikaiondoa kabisa diski ya Mwanaisha kwenye chumba cha duka. Kazi nyepesi. Ningeifanya Alhamisi kabla chai haijapoa.

Leo asubuhi nilikwenda kwa Mwanaisha nikiwa nimedhamiria kusema. Alikuwa jikoni akichambua mchele. Nikaanza, na Mungu anisamehe, nikaanza kwa mwanzo: kiini, vyumba, majina, jinsi mkuu wa chumba asivyo mkuu wa nje. Nilichora kwa kidole kwenye unga uliomwagika mezani. Nilipofika kwenye jambo lenyewe nikasema kwamba ruhusa za folda “zilikuwa wazi tangu Alhamisi”. Zilikuwa wazi, kama dirisha lililofunguliwa na upepo wa kusi.

Mwanaisha aliacha mchele.

“Kumbe! Ndiyo maana akaweza!”

“Nani?”

“Dama. Alikuta wazi, akachukua. Mimi nilikuwa najiuliza, msichana kama yule, kafungua vipi kitu ulichokifunga wewe?”

Nilikuwa nimekwenda kumtoa mtu kisimani, nikamtupia jiwe. Ufafanuzi wangu wote, wenye mpangilio na mifano, ulikuwa umekamilisha ushahidi dhidi yake. Hapo ndipo pahali pa kusema. Nilifungua kinywa. Swaleh akaita kutoka chini kwamba mama wa bi harusi mwingine, wa mwezi ujao, amekuja kuvunja miadi yake, na Mwanaisha akatoka mbio akijifunga mtandio.

Nikabaki na mchele.

Nataka niwe mwadilifu hata kwa mashine. Kiini kisipomjua mtu, humwita asiyejulikana na kumpa haki ya wengine: kidogo, lakini ile ile aliyoandikiwa kila mgeni. Hakimwongezei kosa kwa kuwa hakimjui. Sisi watu wa nyumba ile, wenye adabu na salamu ndefu, tulitafuta mkosaji, tukamchagua yule mmoja asiye wa ukoo, asiye wa msikiti. Swaleh hakusema hivyo, wala Mwanaisha. Hakuna aliyehitaji kusema.

Adhuhuri nilikwenda Majengo. Nyumba anayokaa Dama ina ua wa wapangaji wote, na nilipoingia nikiwa na viatu vyangu vya ngozi, mama mmoja aliyekuwa akifua nguo akacheka. “Dama! Toka! Una mgeni wa viatu, sijui posa, sijui kodi!”

Dama alitoka, hakucheka. Akanisogezea kigoda kivulini, yeye akasimama.

Kwake nilisema. Labda kwa kuwa hakukuwa na wa kunivunjia heshima pale. Hilo nimelitambua baadaye, njiani. Nilimwambia kwamba mimi ndiye niliyefungua faili kwa wote, kwamba programu ya skrini ni yangu, kwamba flashi yake haikuhusika hata kidogo. Nilisema vizuri. Nilipomaliza nilihisi kifua kimepungua uzito, na nadhani nilitarajia ashukuru.

Alikwangua rangi ya ukuta kwa ukucha.

“Kaka Munir, hilo mimi nalijua tangu jana. Sikufanya, nalijua. Umekuja kumwambia asiye na haja ya kuambiwa.”

“Nilitaka ujue kwamba mimi najua.”

“Ili iweje?” Sauti yake haikupanda. “Mama yake bi harusi amenipigia simu leo asubuhi. Ameniita mwizi wa aibu za watu. Yule mama wa Tudor anayepiga picha za arusi, nilimwomba kazi. Akaniambia habari zimeshafika. Hao ndio hawajui. Wewe wajua njia ya kwao kuliko mimi.”

Yule mama wa nguo alikuwa ameacha kufua, anasikiliza waziwazi. “Na ukitoka,” akanitupia, “ukitoka, baba, usiende nyumbani kupumzika!”

Nilirudi kwa miguu, jua likichoma kupitia mawingu. Mpaka nafika kwangu nilikuwa nimeandaa hotuba tatu kichwani, kila moja bora kuliko iliyotangulia. Zote nikaziacha ngazini, nikapiga simu nikiwa nimesimama, nisije nikaketi nikaanza kufikiri.

“Dada, Dama hakuchukua kitu. Mimi ndiye niliyefungua Alhamisi, uliponipigia. Niliwafungulia wote kwa haraka. Na skrini ilizichukua kwa sababu mimi niliiandika vibaya.”

Nikasikia akifunga mlango upande wake.

“Asubuhi ulikuja hapa,” akasema. “Ukanichorea kwenye unga.”

“Ndiyo.”

“Ukanisikia nikimtaja Dama.”

“Nilikusikia.”

Kisha akauliza swali ambalo sikuwa nimeliandalia jibu katika hotuba yoyote. “Na wewe, Munir? Waweza kuziona?”

“Naweza.”

“Tangu lini?”

“Tangu siku ya kwanza.”

Hakupiga kelele. Ningependa angepiga. Alianza kuhesabu kwa sauti ya chini, wala hakuwa anahesabu nambari. Alikuwa akiwataja mama wa watu, mmoja mmoja, wale aliowapa neno lake ambalo lilikuwa neno langu. Bi Rehema alikuwa wa mwisho. Nilisimama ngazini nikayasikiliza majina yote. Sikumkatiza.

“Dama nitampigia mimi sasa hivi,” akasema. “Kazi yake ipo, akitaka kuja, na akikataa ana haki. Wewe, kesho baada ya swala ya alfajiri, vaa kanzu safi uje hapa. Twaenda Ganjoni kwa Bi Rehema, mimi, wewe na Swaleh. Utayasema yote mawili, la Alhamisi na la siku ya kwanza.”

“Nitasema.”

“Na huko, Munir, nakuomba kwa jina la mama aliyetuzaa.” Akarudia. “Huko usisomeshe.”

Akakata simu.

Kwa hiyo nimeketi. Ninajua namna ya kuzifunga faili zile kwa ufunguo atakaokuwa nao Mwanaisha peke yake, hata mimi nisiweze. Ningeweza kulifanya tangu mwanzo, na kesho nikiruhusiwa kuigusa mashine nitalifanya. Sitalitaja kwa Bi Rehema. Atadhani nimekwenda kumuuzia kitu.

Ataniuliza kama nilimwona binti yake. Nitasema niliona picha moja. Ataniuliza kama niliziona nyingine, nami nitasema sikuziona, na hatakuwa na sababu yoyote ya kuniamini, na nitalazimika kuketi pale katika kutoaminiwa huko bila ya kuleta ushahidi. Kumbukumbu za mashine zingeweza kunitetea. Nimeamua kuziacha nyumbani.

Nimejaribu kulisema mbele ya kioo. Mimi ndiye niliyefungua, na niliwadanganya tangu mwanzo. Ni sentensi fupi. Haina haja ya utangulizi. Lakini kila nikiifikisha mwisho, mkono wangu wa kulia huinuka wenyewe, kidole kimoja juu, kama wa mtu anayetaka kuongeza jambo.

Kesho nitaukalia.